Mnyoo, Mbu na Mtu katika Bonde la Kyela

Mtu ateremkaye kutoka Tukuyu kwenda Kyela huacha nyuma yake mashamba ya chai na ukungu wa asubuhi, na kabla jua halijawa kali hujikuta katika tambarare iliyo takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nzito kwa joto na unyevu, mpunga umesimama ndani ya maji, na mikakao imejisitiri katika vivuli vya migomba. Mlima Rungwe, ambao kilele chake hufikia mita 2,960, pamoja na safu za Livingstone zinazoshuka karibu wima hadi ukingo wa Ziwa Nyasa upande wa Matema, huyazuia mawingu yatokayo ziwani, nayo mawingu hayo, yakikosa pa kupita, humwaga mvua ambayo aghalabu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Na mvua hiyo yote, ikiisha kuinywesha milima, hukusanyika katika mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ikaja kutua katika bonde ambalo halina haraka ya kuikabidhi kwa ziwa. Neema ya Kyela, yaani mchele wake ambao wanunuzi wa Mbeya na Dar es Salaam huuulizia kwa jina, imetokana na maji hayo. Maradhi yake kadhalika.

Hata hivyo si sahihi kusema tu kwamba maji huleta maradhi, maana maji ya nchi hii si ya namna moja, na kila namna ina wadudu wake. Katika maporomoko ya juu, ambako mto hupiga mawe na kuchanganyika na hewa, huzaliwa usubi, kainzi kadogo keusi kenye mgongo wa kibyongo, ambaye viluwiluwi wake hushikamana na mawe na majani yaliyozama, wala hawawezi kuishi katika maji yaliyotuama; huyu huuma mchana, na huchukua mnyoo ambao vitoto vyake hutembea chini ya ngozi ya binadamu hata vikafika machoni na kuyapofusha. Kule chini, katika majaruba ya mpunga na katika nyayo za ng'ombe zilizojaa maji safi yapigwayo na jua, huzaliwa mbu wa anofelesi. Katika mitaro michafu na mashimo ya vyoo vya mjini huzaliwa mbu wa kuleksi. Na pembezoni mwa maji, penye magugu na matope, hukaa konokono wanaolea vimelea vya kichocho. Mwendo wa saa moja au mbili kwa gari humtoa mtu katika himaya ya mdudu mmoja na kumtia katika himaya ya mwingine, na daktari mwenye busara humwuliza mgonjwa wake anakaa kando ya maji gani kabla ya kumwuliza anaumwa wapi.

Maradhi ya jinsi hii ni shirika la watatu, kama duka la wabia ambao kila mmoja ametia mtaji wake: kimelea hutia mbegu, mdudu hutia usafiri, na mtu, pasipo kuulizwa, hutia nyumba na chakula. Mbia mmoja akijitoa, duka hufungwa. Watu wengi wameyaelewa hayo kwa upande wa malaria, kwa sababu malaria huua mtoto katika siku chache na kila mama anaijua. Mimi nimechagua ugonjwa mwingine wa bonde hilo hilo, usiosemwa sana barazani ila kwa mzaha au kwa sauti ya chini, nao ni ule unaotoa matende kwa wanaume na wanawake na mabusha kwa wanaume. Nimeuchagua kwa sababu mapatano ya wabia wake ni ya ajabu kuliko yote niyajuayo, na kwa sababu Kyela imeufundisha ulimwengu juu yake jambo ambalo halikuwa limethibitishwa mahali pengine.

Mnyoo wenyewe, aitwaye kwa jina la kitaalamu Wuchereria bancrofti, ni mweupe na mwembamba mithili ya uzi wa kushonea. Jike hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10, na dume huwa kama nusu yake. Makao yao ni mishipa ya limfu, ile mifereji isiyoonekana ambayo hukusanya majimaji yaliyovuja katika nyama za mwili na kuyarudisha katika damu, na humo wanaweza kuishi pamoja miaka 5, 6 au hata zaidi, jike akizaa watoto kwa maelfu siku hadi siku. Watoto hawa, ambao urefu wao ni kama robo ya milimita, huingia katika damu. Lakini hawatembei ovyo. Mchana kutwa hujificha katika mishipa ya mapafu, na usiku, hasa kuanzia saa nne hata saa nane, hutoka kwa wingi wakaja katika mishipa midogo ya ngozi, saa zile zile ambazo mbu huzunguka vitandani. Mwaka 1881 daktari mmoja wa London, Stephen Mackenzie, alimbadilishia mgonjwa wake saa za usingizi, akamfanya alale mchana na kukesha usiku, na baada ya siku si nyingi vimelea navyo vikageuza ratiba yao. Katika visiwa vya Samoa, ambako mbu mwenye kuwachukua huuma mchana, mnyoo wa jamii hiyo hiyo huacha watoto wake katika damu hata jua likiwaka. Mnyoo hana macho wala akili. Lakini karne kwa karne aliyekosea saa hakupata chombo, na aliyeipatia ndiye aliyeacha kizazi.

Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi, aliyetaka kujua kama kijiji kina mnyoo huyu alilazimika kwenda huko usiku. Mpimaji alifika na taa na sanduku la vioo watu wakiwa wamekwisha kula, akangoja saa nne ipite, akachoma kidole kimoja baada ya kingine, akapaka tone nene la damu juu ya kioo. Na yule aliyewahi kuinamia darubini akatazama tone lililo bado bichi hawezi kusahau alichokiona, maana kimelea mwenyewe haonekani vizuri, bali huonekana chembe za damu zikisukumwa huku na huku, zikitikisika na kufumukana, hata jicho lizoee na kumbaini nyoka mdogo angavu, aliyevaa ala iliyomzidi urefu, akijipinda bila kuchoka. Siku hizi kipo kipimo cha ukanda mdogo ambacho hutambua chembe za mnyoo mkubwa katika tone la damu kwa muda wa dakika 10, mchana au usiku, na kazi imekuwa nyepesi mno. Nadhani wapimaji vijana hawajui walivyopunguziwa adha.

Elimu ya mnyoo huyu imegusa kingo za Nyasa tangu zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, wakati Wajerumani walipokuwa na boma lao Langenburg kando ya ziwa, kabla makao hayajahamishiwa milimani mahali paitwapo leo Tukuyu, alikaa hapo daktari wa jeshi lao aitwaye Friedrich Fülleborn, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya nchi na watu wa Nyasa na Ruvuma, na ambaye baadaye, katika taasisi ya maradhi ya joto mjini Hamburg, alikuja kuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa minyoo ya jamii hii. Lakini mlango wenyewe ulikuwa umefunguliwa mbali na hapa, katika bandari ya Amoy nchini China, ambako mwaka 1877 tabibu wa Kiskoti, Patrick Manson, alimlaza mtumishi wake aliyekuwa na vimelea katika damu, akawaachia mbu wamnyonye, kisha akawapasua mbu hao siku baada ya siku na kumwona mnyoo akikua ndani yao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanadamu kuthibitisha kwamba mdudu anyonyaye damu hulea kimelea cha mtu. Manson, hata hivyo, aliishia nusu ya njia: alidhani mbu hufia majini na mtu hupata mnyoo kwa kunywa maji hayo. Ikapita zaidi ya miaka 20 ndipo George Carmichael Low, mwaka 1900, akakata vipande vyembamba vya mbu waliotumwa kutoka Australia, akamkuta mnyoo amelala ndani ya mdomo wa mdudu, yu tayari kushuka.

Na safari ya mnyoo ndani ya mbu ni safari yenye mitihani. Akiisha kumezwa pamoja na damu, hana budi kuvua ala yake na kutoboa ukuta wa tumbo kabla damu haijagandamana kumzunguka, kisha ajipenyeze hata misuli ya kifua, ile inayopiga mabawa. Hapo hupungua urefu akanenepa, akajivua ngozi mara mbili, na baada ya siku 10 hadi 14, kwa kadiri ya joto, akawa mwembamba na mwepesi, akaelekea kichwani. Katika muda huo mbu wengi huwa wamekwisha kufa, maana maisha ya mbu ni mafupi na maadui zake ni wengi. Joto la Kyela humfupishia mnyoo muda huo. Baridi ya Rungwe humwongezea, na kila siku inayoongezeka ni siku ambayo mbu aweza kufa na abiria wake. Tofauti nyingine iko baina ya mnyoo na malaria, nayo ni kubwa: kimelea kimoja cha malaria huzaana ndani ya mbu kikawa maelfu, ilhali mnyoo mmoja aingiaye ndani ya mbu hutoka mmoja, akijaliwa kutoka. Tena hatiwi katika mwili kwa sindano ya mbu. Mbu anaponyonya, mnyoo hupasua ncha ya mdomo wa mbu na kuanguka juu ya ngozi katika kitone cha majimaji, naye hupaswa kutafuta tundu la jeraha na kuingia kabla kitone hakijakauka. Watafiti waliofanya kazi Rangoon, nchini Burma, katika miaka ya 1960, walikadiria kwamba yahitajika zaidi ya maumo 15,000 ya mbu wenye mnyoo aliyekomaa ili mtu mmoja afikie kuwa na watoto wa mnyoo katika damu yake.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niuone ugonjwa huu kwa jicho jingine. Mgeni aliyefikia hotelini Matema kwa juma moja hawezi kuugua matende. Ugonjwa huu ni wa mkaazi, wa mtu alalaye mwaka hadi mwaka mahali pamoja, katika nyumba ambayo upepo na mbu hupita kwa mlango mmoja, karibu na shamba lililojaa maji. Ni wa mvuvi wa usipa angojaye ufukweni giza la mwezi liingie ili awashe taa zake, na wa mama aketiye nje jioni kwa sababu ndani kuna joto. Umaskini hapa una kipimo chake, nacho ni idadi ya maumo kwa usiku mmoja.

Wengi wa wenye mnyoo hawajui kwamba wanao. Mwili huzoeana na mgeni wake. Na mnyoo kwa upande wake huutuliza ulinzi wa mwili, akaishi kwa amani. Mishipa ya limfu hutanuka na kulegea polepole, na kwa miaka mingi hakuna kinachoonekana, hata siku moja mtu apate mitoki kinenani na homa ya kutetemeka, ipoe, irudi tena baada ya miezi, na kila irudipo mguu ubaki umevimba zaidi kidogo kuliko ulivyokuwa. Homa hizo mara nyingi hazisababishwi na mnyoo mwenyewe bali na bakteria wa kawaida wanaoingia kwa michubuko midogo baina ya vidole, wakakuta limfu imetuama na walinzi hawafiki. Kwa wanaume majimaji hukusanyika katika pumbu, na huku pwani watu bado huambiana kwamba busha huletwa na madafu, jambo ambalo limewakosesha wengi kinywaji kizuri pasipo kuwakinga na lolote.

Sasa nije katika lile ambalo Kyela imeufundisha ulimwengu. Kati ya mwaka 2006 na 2011 kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich, kilifuatilia afya ya watu karibu 18,000 katika maeneo 9 ya mkoa wa Mbeya wa wakati ule, kikiwatembelea majumbani mwaka kwa mwaka na kuhifadhi damu yao katika majokofu. Katika eneo la Kyela, damu hiyo ilipopimwa, ilionekana kwamba takriban theluthi ya watu walikuwa na mnyoo wa matende. Ndipo Inge Kroidl na wenzake, akiwamo Leonard Maganga wa Mbeya, walipouliza swali ambalo wataalamu walikuwa wakilibishania muda mrefu pasipo ushahidi: je, mtu mwenye mnyoo huyu huambukizwa virusi vya UKIMWI kwa urahisi kuliko asiye naye? Damu ya zamani ilikuwapo, na majibu ya vipimo vya virusi ya kila mwaka yalikuwapo. Kwa hiyo iliwezekana kuwachukua watu zaidi ya elfu moja ambao mwanzoni hawakuwa na virusi, na kutazama ni nani aliyevipata baadaye. Jibu lilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016: waliokuwa na mnyoo walipata maambukizo mapya kwa kiasi cha zaidi ya maradufu ya wasiokuwa naye, hata baada ya kuhesabu tofauti za umri, jinsia, hali ya maisha na mwenendo wa mapenzi.

Sababu inayodhaniwa iko katika namna mwili unavyoishi na mnyoo. Virusi vya UKIMWI hupenda kuingia katika chembe za ulinzi zilizokwisha kuamshwa, si zile zilizolala. Na mtu anayelea mnyoo kwa miaka ana chembe za namna hiyo nyingi kuliko kawaida, zimesimama macho kwa ajili ya adui ambaye haziruhusiwi kumwua. Utafiti uliofuata wa watu hao hao uliongeza kwamba hatari iko hasa kwa wale ambao minyoo yao bado inazaa watoto katika damu. Natamani jambo hili lingetangazwa zaidi kuliko lilivyotangazwa. Kwa miaka mingi ugonjwa wa matende uliwekwa katika fungu la maradhi yaliyosahauliwa, kwa hoja kwamba hauui. Na kumbe, katika bonde moja la kusini magharibi mwa Tanzania, ulikuwa ukiushikia mlango ule uuao.

Wakati hesabu hizo zinafanywa, tiba ilikwisha kuanza. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianzia kisiwa cha Mafia mwaka 2000, ukaendelea wilaya kwa wilaya, ukafika Kyela mwaka 2009. Dawa ni mbili, ivermektini na albendazoli, nazo hutolewa bure na viwanda vinavyozitengeneza. Na ile ya kwanza ina asili isiyotarajiwa, maana ilitokana na kijidudu cha udongo alichokiokota Satoshi Ōmura nchini Japani, ambaye pamoja na William Campbell alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kijijini, elimu yote hiyo hukomea katika fimbo. Mgawa dawa, ambaye ni jirani aliyechaguliwa na majirani, husimamisha kila mtu mbele ya fimbo iliyotiwa alama, akasoma kimo, si uzito, na kimo ndicho huamua kama atameza vidonge 1, 2, 3 au 4 vya ivermektini. Mtoto asiyefika sentimita 90 huachwa, na mjamzito huachwa, na mama aliyejifungua juma lile huachwa. Wengine baada ya kumeza huwashwa mwili na kupata homa ya siku moja au mbili, kwa kuwa watoto wa mnyoo wanakufa kwa pamoja ndani ya damu, na homa hiyo, ambayo ni dalili ya dawa kufanya kazi, ndiyo iliyozaa kila mahali uvumi kwamba vidonge vimetiwa sumu au vya kuzuia uzazi. Mgawa dawa hana joho jeupe wala shahada. Ana uso unaojulikana, na hoja yake yenye nguvu ni kumeza vidonge vyake mbele ya watu.

Vidonge hivyo huua watoto wa mnyoo kuliko wazazi wao. Mnyoo mkubwa hubaki, akakaa miezi kadhaa pasipo kuzaa, kisha huanza tena. Kwa hiyo dawa hurudiwa kila mwaka, kwa muda unaouzidi uhai wa mnyoo mwenyewe, ili azeeke na kufa pasipo kupata mrithi. Ndivyo ilivyokuwa Kyela kwa miaka kadhaa, na watafiti waliporudi mwaka 2019 katika eneo lile lile lililokuwa na theluthi ya watu wenye mnyoo, walikuta wasiofikia 2 katika kila 100 miongoni mwa vijana na watu wazima waliopimwa. Sifa haiwezi kwenda kwa vidonge peke yake, maana miaka hiyo hiyo serikali iligawa vyandarua vyenye dawa nchi nzima kwa ajili ya malaria, na mbu aliyezuiwa na chandarua huzuiwa pamoja na maradhi yote aliyoyabeba.

Yuko na mbia wa nne, aliyejificha ndani ya mbia wa kwanza. Ndani ya mnyoo wa matende, na ndani ya ndugu yake achukuliwaye na usubi, huishi bakteria aitwaye Wolbachia, ambaye mnyoo hawezi kuzaa wala kudumu pasipo yeye. Jambo hili lilipojulikana, ilipasa kuuliza kama mnyoo aweza kuuawa kwa kumwua mpangaji wake, na jibu likatafutwa katika kijiji cha Kimang'a wilayani Pangani, ambako Mark Taylor, Williams Makunde na wenzao waliwagawanya wanaume 72 katika mafungu mawili, fungu moja likameza doksisaiklini kila siku kwa majuma 8 na jingine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005: katika wengi wa waliopata dawa, minyoo mikubwa yenyewe haikuonekana tena. Kasoro yake ni urefu wa tiba, na kwamba haiwafai watoto wadogo wala wajawazito, kwa hiyo haikuweza kuwa dawa ya umma. Lakini ilionyesha kwamba jengo la mnyoo lina nguzo ambayo hakuna aliyeifikiria.

Swali linalobaki kwa Kyela ni hawa wasiofikia 2 katika 100, kama watawasha moto upya au watazimika wenyewe. Na jibu, kwa sehemu kubwa, liko kooni mwa mbu. Anofelesi ana kooni safu ya meno madogo magumu ambayo humrarua mnyoo anapopita pamoja na damu. Damu ikiwa na vimelea vingi, baadhi hupenya. Ikiwa na vichache, huraruliwa karibu vyote, na kadiri vinavyopungua ndivyo kila kimoja kinavyokuwa na bahati ndogo zaidi ya kupita. Maana yake ni kwamba mahali ambapo anofelesi ndiye mbebaji, kuna mpaka ambao chini yake ugonjwa huisha wenyewe, ijapokuwa mbu wamebaki na watu wachache wenye mnyoo wamebaki. Kuleksi hana meno ya namna hiyo. Yeye huweza kuokota vimelea vichache katika damu na kuvilea vizuri, na kwa hiyo katika miji ambayo vyoo na mitaro ni vitalu vyake, kuupunguza ugonjwa ni rahisi na kuumaliza ni kazi. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, walipambana na kuleksi kwa njia ambayo nisingeiamini kama isingeandikwa na kupimwa: walimimina katika mashimo ya vyoo vidonge vidogo vyeupe vya polistirini, vile vya kufungashia vyombo, vikaelea juu ya maji na kuyafunika, viluwiluwi wakakosa pa kupumulia, na pamoja na dawa, mnyoo aliyekuwa katika damu ya karibu nusu ya watu akabaki kwa wachache sana. Kyela imekuwa ikikua, vyoo vya shimo vinaongezeka, na maji ya chini ya ardhi katika bonde lile yako karibu. Halmashauri ambayo imefurahia kushuka kwa mnyoo mashambani ingefanya vyema kutazama vyoo vya mjini.

Mbu wa bonde hili wana mambo mengine mifukoni. Watafiti wa Mbeya walipotafuta katika damu ya wakaazi alama za Homa ya Bonde la Ufa, maradhi ya mifugo ambayo virusi vyake vilitambuliwa mara ya kwanza karibu na Naivasha nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930, walizikuta kwa watu 5 hivi katika kila 100 wa mkoa mzima, lakini karibu 30 katika kila 100 kule kando ya Ziwa Nyasa. Na hata hivyo Kyela haikuwa imetajwa kuwa na mlipuko. Ugonjwa ulikuwa ukipita kimya kimya kama homa zipitazo kila masika na kuitwa malaria. Na upande wa kusini wa ziwa hilo hilo, penye rasi ya Maclear nchini Malawi, wataalamu waligundua kwamba kichocho kiliongezeka baada ya nyavu kuvua kupita kiasi samaki aitwaye Trematocranus placodon, ambaye ana koromeo lenye meno ya kusaga magamba na chakula chake ni konokono. Wavuvi wa Itungi na Matema, wakokotao nyavu za matundu madogo hadi mchangani, wanayo sababu ya kuitafakari habari hiyo zaidi ya sababu ya kitoweo.

Lakini nisiache kusema lililo zito. Kingatiba, yaani dawa hiyo ya kila mwaka, haimponyi aliyekwisha kuvimba. Mishipa iliyolegea hairudi ujanani kwa kidonge, na takwimu zinazoshuka hazimhesabu bibi akaaye nyuma ya nyumba huko Ipinda au Ngonga, amejifunika khanga miguuni hata wakati wa joto, asiyekwenda kanisani wala msibani kwa kuona haya. Huyo tiba yake ipo, na haina gharama kubwa: mguu uoshwe kila siku kwa maji safi na sabuni, ukaushwe vizuri hasa baina ya vidole, michubuko ipakwe dawa, uinuliwe wakati wa kukaa na kulala, uvishwe kiatu kisichobana, akifanya hivyo homa hupungua, harufu huondoka, na mara nyingi hata uvimbe hupungua. Mwenye busha tiba yake ni upasuaji mfupi, ambao hospitali za wilaya huuweza. Kwa hiyo wewe msomaji uliye na mzazi au jirani wa namna hiyo, usingoje kampeni wala gari la wageni: mpeleke kituo cha afya cha karibu umwombe mhudumu akufundishe kuosha mguu huo, kisha uuoshe.